Mavazi ya Mwanamume katika Jioni Rasmi za Meli ya Kitalii: Maelekezo kwa Msafiri wa Tanga

Kwa miaka sita nilihudumia meza katika kumbi za chakula za meli za kitalii, na tangu niliporudi nyumbani Tanga nimekuwa nikiulizwa swali lilelile na watu wa rika mbalimbali. Mzee aliyelipiwa safari na binti yake anayeishi Uingereza ameniuliza, bwana harusi aliyezawadiwa fungate ya baharini ameniuliza, na mstaafu wa bandari aliyeweka akiba ili apande meli kama abiria baada ya kuzipakua maisha yake yote naye ameniuliza: zile jioni ambazo ratiba inasema watu wavae rasmi, mwanamume avae nini? Nimeona vyema nijibu kwa maandishi, kwa sababu nimeshuhudia wanaume wenye heshima zao wakirudishwa mlangoni kwa kasoro ambayo fundi wa Ngamiani angeirekebisha kwa nusu saa, na nimeshuhudia wengine wakitumia fedha nyingi kununua vazi ambalo hawakulihitaji hata kidogo.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba huna haja ya kununua tuksido, yaani lile vazi la jioni lenye koti la kola ya satini na tai ya kipepeo. Suti moja ya rangi iliyokolea inayokukaa sawasawa, au kanzu safi pamoja na koti lake, itakuingiza katika karibu kila ukumbi wa meli ukiwa umevaa kwa heshima. Kazi yote iko katika neno hilo "sawasawa", na ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Jioni rasmi ni zipi

Katika meli ya kitalii kila jioni ina kiwango chake cha mavazi. Jioni nyingi ni za kawaida, na mwanamume hutakiwa kuvaa suruali ndefu, shati lenye kola na viatu vya kufunika mguu. Hata hivyo, kampuni nyingi hutenga jioni moja au mbili katika safari ya siku 7, na zaidi kidogo katika safari ya wiki mbili, ambazo watu huvaa mavazi yao bora kabisa, nahodha huwakaribisha abiria, na wapiga picha husimama ngazini. Kwa desturi jioni hizo huangukia siku ambazo meli haitii nanga popote, kwa kuwa abiria wameshinda melini na wana muda wa kujitayarisha. Ni nadra ziwekwe usiku wa kwanza, maana mizigo ya baadhi ya watu huwa haijafikishwa vyumbani. Ratiba ya kesho huletwa chumbani jioni iliyotangulia, au huonekana katika programu ya simu ya kampuni, na ndani yake kuna mstari mmoja unaotaja vazi la jioni. Usome mstari huo kila siku bila kukosa.

Kampuni hazifanani. Cunard, ambayo meli yake Queen Mary 2 ilianza kusafirisha abiria mwaka 2004, huziita jioni za gala, na inashikilia desturi ya zamani kuliko kampuni nyingi: kuanzia saa 12 jioni mwanamume anatarajiwa kuvaa tuksido, au suti ya rangi iliyokolea pamoja na tai, katika sehemu kubwa ya meli na si katika ukumbi wa chakula peke yake. P&O Cruises ya Uingereza nayo ina jioni zake rasmi. Royal Caribbean, Carnival na Celebrity zimelegeza masharti yake kwa miaka mingi sasa, na suti ya kawaida huko ni zaidi ya inavyotosha. Norwegian Cruise Line na Viking hazimlazimishi abiria wake kuvaa rasmi. Kwa hiyo, kabla hujamwona fundi, soma masharti ya kampuni yako mwenyewe kwa mwaka unaosafiri, kwa kuwa kanuni hizi hubadilishwa. Ikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza kinachokutatiza, mwombe kijana wa nyumbani akusomee neno kwa neno, maana kati ya "inapendekezwa" na "ni lazima" kuna tofauti ya sanduku zima.

Asiyetaka kuvaa rasmi kabisa halali na njaa. Karibu kila meli ina ukumbi wa kujihudumia ambako abiria huruhusiwa kula akiwa amevaa kwa wepesi jioni hiyohiyo. Mimi nasema tu kwamba mtu aliyesafiri kutoka Tanga mpaka Southampton au Barcelona ili apande meli, kisha akajificha usiku ule uliopambwa kuliko wote, amejinyima sehemu nzuri ya safari yake.

Suti, na fundi wako

Rangi za suti ya jioni ni tatu: nyeusi, buluu iliyokolea, na kijivu cha mkaa. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chagua buluu iliyokolea, kwa sababu itakutumikia pia katika mahafali, kikao cha mahari na mazungumzo ya kazi, na chini ya taa za meli huonekana karibu nyeusi. Acha suti zinazometameta, suti zenye mistari mipana, na zile za rangi ya maziwa au samawati ambazo zimependwa sana katika harusi zetu miaka ya karibuni. Ni nzuri mchana, lakini si za jioni ile.

Sisi watu wa Tanga tuna bahati ambayo abiria wengi niliowahudumia hawakuwa nayo. Ukipita Ngamiani, katika barabara zake zinazotajwa kwa namba, utamkuta fundi cherehani barazani anayeweza kuifungua suti yote na kuirudisha upya kwa mwili wako. Kuna pia mitumba, na humo hupatikana suti za sufu halisi zilizoshonwa Ulaya, ambazo kwa kitambaa na mshono zinaishinda kwa mbali suti mpya ya poliesta iliyoning'inizwa dukani. Ningependa uanzie hapo kabla ya kufikiria duka.

Unapoichagua suti ya mtumba, anza mabegani. Mshono wa bega unapaswa kuishia palepale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukiteremka mkononi, koti ni kubwa, na ukipanda kuelekea shingoni, koti ni dogo. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono, kubana mgongo na kukata suruali, lakini bega likishakosewa kulirekebisha ni kazi kubwa ambayo mara nyingi haifanikiwi, kwa hiyo suti isiyokukaa mabegani iache hata kama inatolewa kwa bei ya bure. Kisha iinue dhidi ya jua uangalie matundu ya nondo. Ipapase sehemu ya mbele, kifuani, kati ya vidole viwili: ukihisi malengelenge, ujue gundi iliyoshika kitambaa cha ndani imeachia kwa sababu ya kufuliwa vibaya, na hakuna pasi itakayoyaondoa. Tazama bitana kwapani, ambako ndiko hupasuka kwanza. Mwisho inuse, jasho la miaka halitoki kwa kuanikwa siku moja.

Ukiamua kushonesha mpya, suti ya vipande viwili humtaka mtu wa umbo la wastani mita 3 hadi 3.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Wengi huogopa sufu kwa sababu ya joto letu la pwani, na hofu hiyo ina msingi ukiwa unakwenda harusini Chumbageni mwezi wa pili. Melini mambo ni tofauti. Kumbi za chakula hupozwa kwa mitambo usiku kucha, na nimewahi kuona abiria waliotoka nchi za joto wakiwa na koti la kitambaa chembamba mno wakijikunyata mezani mpaka wakati wa chai. Sufu nyepesi hupumua, hairuhusu makunyanzi kudumu, na ukiitundika usiku mmoja hujinyoosha yenyewe.

Mwambie fundi mambo haya bila kuona haya, hata kama ni mtu mzima aliyekushonea tangu utoto. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo cha mkono, ili kafu ya shati ionekane kwa sentimita 1 hadi 1.5. Urefu wa koti ufunike makalio. Kola ya koti ikumbatie kola ya shati nyuma ya shingo bila kuacha uwazi. Suruali iguse kiatu kwa mkunjo mmoja mdogo, isijikusanye kifundoni. Nenda kupimwa ukiwa umevaa shati na viatu utakavyosafiri navyo, kwa sababu kisigino cha kiatu hubadili urefu wa suruali, na unene wa shati hubadili kifua cha koti.

Hapo wengi huishia, nao husahau kwamba jioni rasmi ni ya kukaa. Chakula cha usiku huo huweza kuchukua saa mbili, na mtu amejipima akiwa amesimama tu mbele ya kioo. Kaa kwenye kiti cha fundi. Nyosha mkono mbele kana kwamba unafikia chumvi iliyo katikati ya meza. Inama kidogo. Suruali ikikukaba tumboni au koti likivuta mgongoni, lisemee papo hapo, kwa kuwa baharini hakuna fundi wako. Mpe muda pia: wiki sita kabla ya safari, na majaribio mawili kabla ya kukabidhiwa. Wazee wetu walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na kauli hiyo inalihusu koti lililokaa vizuri kama inavyoihusu jahazi.

Shati liwe jeupe, la pamba, la mikono mirefu. Kola ikifungwa iweze kupitisha vidole viwili shingoni. Ikipitisha vitatu shati ni kubwa, nalo litaonekana kubwa hata chini ya koti zuri. Tai iwe ya hariri, ya rangi moja au yenye nakshi ndogo, na ncha yake iishie kwenye bizimu la mkanda. Kifungo cha chini cha koti huachwa wazi daima. Unapokaa fungua vyote, unaposimama kumsalimu mtu funga cha juu. Kitendo hicho kidogo nilikuwa nikikitazama kila usiku, na kilinieleza kuhusu mtu kuliko bei ya suti yake.

Ukipenda tuksido

Koti hili lina asili fupi inayosaidia kulielewa. Mwaka 1865 mshonaji Henry Poole wa mtaa wa Savile Row, London, alimshonea mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye akawa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kuvaa wakati wa chakula cha jioni badala ya lile lenye mkia mrefu. Mtindo huo ukavuka mpaka Marekani, na mnamo 1886 ukaonekana Tuxedo Park karibu na New York, ambako ndiko jina lilikotoka. Kwa hiyo tuksido tangu mwanzo lilikuwa vazi la kupunguza ugumu, na hupendeza linapovaliwa kwa utulivu.

Sehemu zake hazichanganywi ovyo. Koti ni jeusi au buluu ya usiku, na kola yake imefunikwa kwa satini. Suruali ina ukanda mmoja wa satini ubavuni na haina vitanzi vya mkanda, kwa sababu mkanda hauvaliwi kabisa. Kiuno hufunikwa ama kwa kizibao kilichokatwa chini kifuani, ama kwa mkumbuu wa hariri ambao marinda yake hutazama juu, na kamwe si vyote viwili. Shati ni jeupe, mara nyingi lenye marinda kifuani na kafu zinazofungwa kwa vifungo vya kuchomekwa. Tai ni ya kipepeo, nyeusi. Ile ya kufunga kwa mkono hupendeza zaidi kwa sababu haikai kwa ukamilifu wa kiwandani, nayo hujifunzwa kwa jioni tatu au nne za mazoezi mbele ya kioo. Usiifunge kwa mara ya kwanza usiku wa safari huku mkeo akikusubiri mlangoni.

Kuna pia koti la rangi ya krimu linalovaliwa juu ya suruali nyeusi ya tuksido, ambalo desturi inalikubali katika bahari za joto. Ni zuri, na kwa ngozi zetu hung'aa. Hata hivyo, uliza kwanza wahudumu wa meli hiyo huvaa nini, kwa sababu katika baadhi ya meli sisi wahudumu tulivaa makoti meupe, na nimemwona abiria mmoja akiitwa mara mbili aongeze maji mezani. Aliyachukua kwa upole, lakini jambo hilo lilimharibia jioni, nami niliumia kwa ajili yake.

Baadhi ya kampuni hukodisha tuksido na kukuletea chumbani ukitoa vipimo mapema. Sikushauri ila kwa dharura. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na hili nimeliona likitimia kwa maana yake halisi: suruali imefika fupi, meli imeshang'oa nanga, na hakuna wa kubadilishana naye.

Kanzu ni vazi rasmi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wangu hulikwepa kwa woga usio na sababu. Mwanamume wa Tanga ana vazi la heshima ambalo amelivaa katika nikaha, Idi na Maulidi tangu utotoni, na ambalo linamkaa vizuri kuliko suti yoyote kwa kuwa mwili wake unalijua. Kampuni kadhaa, hasa za Uingereza, hutamka wazi katika masharti yake kwamba vazi rasmi la taifa linakubalika katika jioni rasmi. Waskoti huja na kilti zao, zile sketi za miraba za wanaume wa kwao, nasi tuna kanzu. Sharti langu ni kwamba liwe vazi lililotimia, na si kanzu ya kutokea msikitini alasiri.

Lililotimia ni hili. Kanzu nyeupe au ya krimu, ya pamba nzito kidogo isiyoonyesha mwili, yenye darizi nadhifu shingoni, iliyopigwa pasi mpaka pindoni. Juu yake koti jeusi au la buluu iliyokolea, lililopimwa mabegani kwa uangalifu uleule nilioueleza. Kichwani kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Mwenye joho au bushuti lenye mapambo ya dhahabu, alilolivaa siku ya nikaha au alilorithi kwa babake, na alichukue kwa jioni ya gala, kwa sababu hakuna tuksido litakalosimama kando yake likaonekana zaidi.

Usiku mmoja mzee mmoja kutoka pwani yetu alifika mlangoni mwa ukumbi akiwa amevaa hivyohivyo, ila miguuni alikuwa na makubadhi. Msimamizi wa ukumbi alimzuia kwa adabu, akimwambia kwamba viatu vya wazi kwa wanaume haviruhusiwi. Mzee alidhani amekataliwa kanzu yake, uso ukamshuka. Nilimwendea nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," naye aliposikia Kiswahili akanishika mkono, akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Hili ndilo vazi nililoolea." Nikamweleza kwamba tatizo lilikuwa miguuni tu. Alirudi chumbani, akavaa viatu vyeusi vya ngozi alivyosafiri navyo, na alipoingia tena watu wa meza ya jirani walimwuliza kofia ile ilishonwa na nani. Tangu usiku huo kila anayeniuliza humwambia: makubadhi yaache nyumbani, hata kama ndiyo yaliyokamilisha kanzu yako kila Ijumaa. Vaa kiatu cheusi cha ngozi kilichofunikwa, cha kuchomeka au cha kamba, na soksi nyeusi.

Mambo mengine manne yanaihusu kanzu peke yake. Ndani yake vaa suruali nyepesi nyeupe badala ya msuli, kwa sababu sitahani kuna upepo mkali, na ngazi za meli ni nyingi. Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, lisiguse chini, maana meli huyumba na mtu huweza kukanyaga nguo yake mwenyewe akiteremka. Jambia, kwa wale wanaolivaa pamoja na joho, halipandi melini. Litachukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo, hata likiwa la pambo tu. Nalo jambo la nne ni kuiandikia kampuni barua pepe fupi wiki kadhaa kabla ya safari, ukieleza kwamba utavaa vazi rasmi la taifa lako pamoja na kofia yake, kisha uichapishe barua ya majibu uende nayo. Kofia za michezo hukatazwa ukumbini, na kijana mgeni kazini aliyeambiwa tu kwamba kofia haziruhusiwi anaweza kukusumbua asipojua tofauti. Barua humaliza mazungumzo.

Viatu, marashi na jioni nyingine

Viatu ni vyeusi, vya ngozi, vyenye kamba, vilivyopigwa rangi usiku uliotangulia na kusuguliwa kwa kitambaa asubuhi. Vya ncha ndefu iliyochongoka viache. Viatu vipya vivae nyumbani siku kumi kabla, utembee navyo hata ukienda sokoni Mgandini, ili visikuumize baharini. Soksi zifike juu ya shavu la mguu, kwa kuwa ukikaa na kukunja mguu ngozi haipaswi kuonekana.

Marashi yawe machache. Meza nyingi ni za watu wanane, ukumbi umefungwa, na udi unaopendeza barazani Raskazone huwa mzito kwa jirani anayejaribu kuonja mchuzi wake. Jifukize saa moja kabla ya kutoka, si dakika ya mwisho.

Kwa jioni zisizo rasmi chukua shati la kitenge au batiki lililoshonwa vizuri, au suti ya Kaunda, ambayo ni nadhifu na ya kwetu ingawa mikono yake mifupi haifikii kiwango cha jioni ya gala. Kikoi ni cha kando ya bwawa la kuogelea, mchana. Jinzi zilizochanika, kaptula, fulana na kandambili usiingie nazo ukumbini jioni ya aina yoyote.

Kufungasha

Vazi lako la jioni rasmi lisafiri nawe mkononi, ndani ya ndege, pamoja na viatu vyake. Sanduku likipotea kati ya Dar es Salaam na bandari ya kupandia, meli haitakusubiri, na wahudumu hawana nguo ya kukupa. Koti likunje hivi: ingiza mikono miwili ndani ya mabega, geuza bega moja ndani-nje, liingize ndani ya bega la pili ili bitana iwe nje, kisha ulikunje mara moja kiunoni juu ya nguo laini. Kofia ya viua ijaze vitambaa safi na uiweke ndani ya kopo au boksi gumu. Ikishapondeka wanga wake hauwezi kurudishwa melini.

Usichukue pasi. Pasi na mashine za mvuke hukatazwa vyumbani kwa sababu ya hatari ya moto, na moto baharini ni jambo ambalo mabaharia hawalifanyii mzaha. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi kwa abiria wote, nacho hujaa watu alasiri ya jioni rasmi, kwa hiyo nenda asubuhi. Nyingine zina dobi wa kulipia tu. Mara tu unapoingia chumbani siku ya kwanza, tundika koti na kanzu kwenye henga, na unapooga kwa maji moto vitundike bafuni mlango ukiwa umefungwa. Mvuke wa dakika kumi na tano hunyoosha sehemu kubwa ya makunyanzi ya sufu, na makunyanzi ya kanzu hulegea yakawa mepesi kwa pasi.

Vifungo vya akiba, sindano na nyuzi nyeusi na nyeupe viweke ndani ya pochi ndogo. Kifungo cha koti nilichokishonea abiria nyuma ya mlango wa jiko, dakika tano kabla nahodha hajaingia, kilinifundisha nisisafiri bila sindano.

Baada ya jioni ya kwanza usilirudishe koti kabatini moja kwa moja. Lining'inize penye hewa mpaka asubuhi, lipanguse kwa brashi laini kuelekea chini, na shati lipeleke kwa dobi siku hiyohiyo ikiwa kuna jioni ya pili mbele. Ukirudi Tanga kumbuka kwamba hewa yetu ina unyevu na chumvi, na ukungu hushika sufu haraka kuliko watu wanavyodhani. Toa ule mfuko wa plastiki wa dobi, livike koti mfuko wa pamba, liweke penye nafasi ya kupitisha hewa, na kila baada ya wiki chache litoe nje kivulini kwa saa moja au mbili kabla ya jua kuwa kali.